Makande, usonji na lawama



Kuna ushauri unaozunguka sana mjini, na kama una rafiki mwenye mtoto mwenye usonji bila shaka umeshausikia. Mwondolee ngano. Mwondolee maziwa. Mtoto atatulia, ataanza kuongea, atakutazama usoni. Najua wazazi hapa Dar es Salaam wanaozunguka supamaketi moja hadi nyingine kutafuta mkate usio na ngano. Wanaununua kwa bei ya kutisha, wanafika nao nyumbani, na mtoto anautupa chini bila hata kuuonja.

Mimi si daktari wala sijifanyi daktari. Ila mwandishi wa habari ana swali moja ambalo ni haki yake kuliuliza popote: jambo hili lilianza wapi? Leo nataka kuliuliza swali hilo juu ya sahani ya mtoto mwenye usonji. Na nitaanzia mahali ambapo wengi wenu hamkutarajia: Mlalo, kule juu Usambara.

Kwa wale ambao hamjafika, ukitoka Mombo unapanda kona kwa kona hadi Soni, kisha Lushoto mjini, halafu unaendelea kaskazini kupitia msitu wa Magamba mpaka unaliona bonde kubwa chini yako. Nyumba zimebanana mlimani, nyingine za ghorofa zilizojengwa kwa udongo na kuwekewa roshani za mbao. Mashamba yamepanda miteremko mpaka unajiuliza mkulima anasimamaje bila kuteleza. Chakula kipo: mahindi, maharage, ndizi, muhogo, viazi mviringo, mboga za kila aina, maparachichi, mapeasi. Na kuna makande, mahindi yaliyokobolewa yakachemshwa na maharage mpaka vyote vikalainika na kuingiana ladha. Kwa Msambaa na kwa Mpare, nyumba yenye makande haina njaa.

Nilikuwa huko kwa kazi nyingine kabisa. Karibu na soko nikakaribishwa kwa mama mmoja, na nikamkuta mwanawe wa miaka sita amekaa peke yake na sahani ya makande. Alikuwa hali. Alikuwa anapanga. Mahindi huku, maharage kule, punje kwa punje, kwa umakini wa mtu anayehesabu fedha. Alipomaliza akala mahindi yote, maharage akayasukuma mbali kama kitu kilichooza.

"Hataki vigusane," mama yake akaniambia. "Vikigusana hali kabisa. Na maharage yenyewe haweki mdomoni."

Nikamuuliza, "Mama, na maandazi je? Chapati?"

"Wee! Hata kushika. Maziwa ndiyo usiseme, akisikia harufu yake anatoka nje. Huyu ni ugali mweupe wa moto, mahindi na ndizi ya kukaanga. Basi. Na ugali uwe kwenye sahani ile ile."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ananyonya, mwanangu. Alikuwa wa taabu tangu hapo."

Nikamuuliza watu wanasemaje. Akanijibu bila kupandisha sauti. Ukoo wa baba wa mtoto unasema amemdekeza. Ukoo wake mwenyewe unasema mtoto amerogwa. Na kliniki, kila anapompima uzito, wanamuuliza kwa nini hamlishi mtoto.

Hebu tuangalie jambo la kushangaza hapo. Mtoto yule hagusi ngano wala maziwa. Hakuna aliyemkataza, amekataa mwenyewe. Anakula, bila gharama yoyote, kile kile ambacho wazazi wa Dar es Salaam wanakinunua kwa bei ya kutisha. Na usonji wake uko pale pale. Najua mtoto mmoja si utafiti. Lakini anatosha kutufanya tuulize maswali. Mama yule amebeba lawama tatu: amedekeza, kuna uchawi, hamlishi. Sisi wa mjini tumeongeza ya nne: anamlisha chakula kibaya. Kila moja ya lawama hizi ina historia yake.

Tuanze na historia ya madaktari. Neno la kitaalamu lenyewe, otizimu, lilibuniwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1911, akizungumzia wagonjwa wazima wa akili waliojifungia ndani ya nafsi zao. Mwaka 1925 daktari mwanamke wa Moscow, Grunya Sukhareva, aliwaeleza watoto ambao leo tungesema wazi kuwa wana usonji, lakini dunia haikumsikiliza kwa miaka mingi. Aliyesikilizwa ni Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani. Mwaka 1943 alichapisha makala ndefu juu ya watoto 11.

Watu wengi wanaoitaja makala ya Kanner hukumbuka habari za watoto wasiotazama watu usoni na wanaopenda kila kitu kibaki mahali pake. Wanasahau chakula. Na chakula kimo humo tangu mwanzo. Mtoto wake wa kwanza, Donald Triplett wa mji mdogo wa Forest, Mississippi, alikuwa na taabu ya kula, na baba yake aliieleza katika barua maarufu ya kurasa 33 aliyomwandikia daktari. Kadhaa kati ya wale wengine nao walikuwa wamesumbua kula tangu uchanga. Kanner alikuwa na maelezo yake: chakula ndicho kitu cha kwanza kutoka nje kinachoingizwa kwa mtoto, na mtoto ambaye hataki dunia imwingilie huanza kwa kukataa chakula. Tukubaliane naye au tusikubaliane, aliliona jambo. Kukataa kula hakukuja baadaye kwa sababu ya mkate wa dukani. Kulikuwapo tangu siku usonji ulipoandikwa kwenye karatasi. Donald mwenyewe alikua, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89.

Baada ya hapo ikaja lawama. Kanner aliwaona wazazi wa watoto wake kuwa ni watu wasomi na wakavu, na mwaka 1949 akawalinganisha watoto hao na vitu vilivyohifadhiwa ndani ya friji. Bruno Bettelheim wa Chicago alilipeleka wazo hilo mbali zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1967. Kwake, mtoto alikuwa amejificha kwa sababu mama hakumtaka. Ukifuata fikra hizo, mtoto anayesukuma sahani anamsukuma mama. Wanawake waliokuwa wanalia jikoni kwa sababu mtoto hali wakaambiwa kwamba tatizo ni moyo wao.

Sasa linganisha na Mlalo. "Umemdekeza" na "humpendi" ni maneno yanayopingana, lakini yanamwangukia mtu yule yule. Mzungu wa Chicago alimwambia mama kwamba mapenzi yake ni machache mno, shangazi wa Usambara anamwambia ni mengi mno. Mpishi ni mmoja, hukumu ni moja.

Aliyeanza kuivunja hukumu hiyo ni mzazi. Bernard Rimland alikuwa mwanasaikolojia wa jeshi la majini la Marekani na baba wa mtoto mwenye usonji. Mwaka 1964 alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba usonji ni suala la ubongo na si la mapenzi ya mama. Mwaka 1969 Kanner naye alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akawaondolea lawama. Miaka 26 ilikuwa imepita tangu makala yake ya kwanza.

Lakini ukimwambia mzazi kwamba si kosa lake, bado anakuuliza nifanye nini. Na hapo ndipo ngano inapoingia. Mwaka 1979 mtafiti Jaak Panksepp alipendekeza kwamba huenda katika ubongo wa mtoto mwenye usonji kuna kemikali nyingi mno zinazofanana na kasumba. Karl Reichelt wa Norway akaliendeleza wazo hilo kuelekea chakula: gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, na kaseini, protini ya maziwa, zisipomeng'enywa vizuri huacha vipande vinavyofanya kazi kama kasumba, vikapenya utumbo na kufika kwenye ubongo. Ni wazo linaloeleweka haraka, na wazazi wakalipenda. Rimland mwenyewe, yule aliyewaokoa akina mama, baadaye alikuwa mtetezi mkubwa wa vitamini na vyakula maalumu.

Kisha mwaka 1998 Andrew Wakefield wa London alichapisha katika jarida la Lancet habari za watoto 12, akiunganisha usonji, ugonjwa wa utumbo na chanjo ya surua. Dunia nzima ikaanza kuutazama utumbo. Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo na Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Makala ilifutwa, lakini hofu aliyoipanda haikufutika. Bado inatembea kwenye simu zetu kila siku.

Je, ngano imepimwa? Imepimwa. Mwaka 2008 wataalamu wa Cochrane waliokagua tafiti zote walikuta majaribio mawili tu madogo yaliyofanywa kwa utaratibu unaokubalika, wakasema ushahidi ni hafifu. Mwaka 2016 Susan Hyman na wenzake wa Rochester, New York, walitoa matokeo ya jaribio ambalo mzazi, mtoto na mpimaji hawakujua siku ipi mtoto amepewa ngano au maziwa na siku ipi hakupewa. Watoto 14 walifika mwisho. Hakukuonekana tofauti ya maana katika usingizi, choo wala tabia. Ni watoto wachache, sawa. Na mtoto mwenye ugonjwa wa kudhuriwa na ngano, au asiyevumilia maziwa, anastahili kuondolewa, awe na usonji asiwe nao. Lakini kuwaondolea watoto wote ni jambo jingine.

Sasa niwarudishe mlimani, maana lawama ya chakula huko ni ya zamani kuliko Kanner.

Msambaa yeyote mzee atakusimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu akaanzisha utawala wa Wakilindi, katika karne ya 18. Habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Watu wengi wanakumbuka kwamba Mbegha aliua nguruwe waliokuwa wanaharibu mashamba, akawagawia Wasambaa nyama, nao wakampa vyakula vya shambani, mwishowe wakamfanya mfalme. Wachache wanakumbuka kwamba alikuwa kigego. Yaani meno yake ya juu yaliota kabla ya yale ya chini. Kwa mila ya wakati ule mtoto kama huyo alikuwa mkosi, hakutakiwa kuishi. Mbegha aliishi, lakini ndugu zake walimnyima urithi kwa sababu hiyo hiyo.

Tusije tukaelewana vibaya: sisemi Mbegha alikuwa na usonji. Meno ni meno. Ninachosema ni kwamba jamii ile ilikuwa inatazama mdomo wa mtoto kutafuta dalili ya balaa, na kwamba mtu aliyewalisha ni yule ambaye mila ilitaka afe. Wasambaa wana maneno mawili ya kisiasa ambayo mwanahistoria Steven Feierman aliyaandika kwa kirefu: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu nchi. Mvua ikinyesha na chakula kikawapo, nchi imepona. Njaa ikiingia, kuna mtu ameibana. Katika fikra hizo njaa haiji yenyewe, ina mwenyewe. Ndiyo maana mtoto akikataa kula, swali la kwanza si "ana nini?" bali "nani amefanya hivi?" Watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wakiongozwa na Joseph Gona, walisikia mambo ya aina hiyo na kuyachapisha mwaka 2015: wazazi walitaja pepo, uchawi na laana, na pembeni yake matatizo ya uzazi, maambukizi na urithi. Mzazi huyo huyo anaweza kushika yote mawili, akaenda kwa mganga asubuhi na hospitali mchana.

Tunaisimulia mila ya kigego kama ushenzi wa kale. Lakini subiri kidogo. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walifungua kituo Mlalo, wakakiita Hohenfriedeberg. Misheni yao ilikuja kujulikana kama misheni ya Bethel, kwa jina la makao ya watu wenye kifafa na ulemavu yaliyoko Bielefeld, Ujerumani. Walikuja na ujumbe kwamba kila mtoto ana thamani. Miaka hamsini baadaye, katika utawala wa Hitler, mjini Vienna kulikuwa na kituo kiitwacho Am Spiegelgrund ambamo kati ya 1940 na 1945 walikufa watoto wasiopungua 789, wengi wao wenye ulemavu, kwa kulevywa dawa na kudhoofishwa kwa njaa. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha ushahidi kwamba Hans Asperger, daktari ambaye jina lake lilipewa aina moja ya usonji, alishiriki kuwapeleka baadhi ya watoto huko. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa tofauti hakuwa salama mlimani, na hakuwa salama katika mji wenye vyuo vikuu. Na mara nyingine alichonyimwa ni chakula.

Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza, nao wakaja na mpango. Mwaka 1946 bonde la Mlalo ndilo lililochaguliwa kuanzia mradi wa kuokoa ardhi, ambao baadaye ulienea Usambara. Watu waliamriwa kulima kwa matuta yanayokata mteremko, wasiofuata wakatozwa faini. Kazi kubwa ya matuta iliwaangukia wanawake, wale wale waliotakiwa kupika jioni. Mradi ulipingwa mpaka ukafa mwishoni mwa miaka ya 1950, na hasira yake ikaisaidia TANU kupata watu. Katika miaka hiyo ndizi, chakula kikuu cha Wasambaa wa zamani, ilizidi kuyapisha mahindi na muhogo.

Miaka ya 1960 watafiti wa lishe wa taasisi ya Max Planck ya Ujerumani walikuwa na kituo Bumbuli, upande mwingine wa wilaya ya Lushoto ya wakati ule. Mwaka 1973 Tanzania ikaanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Hawa siwalaumu hata kidogo. Kwashakoo ilikuwa inaua, na mzani wa kliniki, unga wa lishe na chumvi yenye madini joto vimeokoa watoto wengi, pengine hata wewe unayesoma hapa. Lakini angalia swali lao lilikuwa lipi. Swali lilikuwa: mtoto amekosa nini? Amekosa protini, amekosa mafuta, amekosa vitamini A. Mama akifundishwa na chakula kikipatikana, mtoto atakula.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha mambo. Kukosa chakula na kukataa chakula ni vitu viwili tofauti, na kadi yetu ya kliniki inajua kimoja tu. Mzani hauwezi kuvitofautisha. Mstari wa uzito ukishuka, unashuka kwa namna moja, na anayeulizwa ni mama. Mama wa Mlalo amezungukwa na maharage, mboga na maparachichi, halafu anafundishwa kwamba maharage yana protini. Analijua hilo kuliko anayemfundisha. Asilolijua, na ambalo hakuna aliyemwambia, ni kwamba mwanawe hafanyi kiburi.

Kwa nini basi anakataa? Miongo ya karibuni watu wazima wenye usonji wameanza kusema wenyewe, na wanasayansi wakalazimika kuwasikiliza. Kwa wengi wao hisia zinafanya kazi kwa nguvu tofauti. Harufu ambayo wewe huisikii, kwake imejaa chumba. Parachichi linaloteleza mdomoni ni kitu cha kutisha. Chakula kikavu kinachovunjika kwa sauti ile ile kila siku kinaaminika. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliingiza rasmi suala la hisia katika dalili za usonji. Mwaka huo huo William Sharp na wenzake, baada ya kukusanya tafiti zilizotangulia, waliona kwamba uwezekano wa mtoto mwenye usonji kuwa na matatizo ya kula ni mara 5 zaidi ya watoto wengine. Sasa yafikirie makande. Vitu viwili vyenye ugumu tofauti, rangi tofauti, ladha zilizoingiana, na kila kijiko si sawa na kilichopita. Kile kinachoyafanya makande yawe matamu kwetu ndicho kinachomshinda mtoto yule. Alipokuwa anapanga punje hakuwa anachezea chakula. Alikuwa anatafuta njia ya kula.

Na hatari ni ya kweli, msidhani naipamba. Utafiti ule wa Sharp uliona watoto hawa wanapata kalsiamu na protini pungufu. Madaktari wameandika habari za watoto wenye usonji, katika nchi tajiri kabisa, waliopatwa na kiseyeye, ugonjwa wa mabaharia wa zamani, kwa sababu hawakugusa tunda wala mboga kwa miaka. Wengine macho yaliharibika kwa kukosa vitamini A. Sasa chukua mtoto mwenye vyakula vitano anavyovikubali, halafu uje na ushauri wa kumwondolea ngano na maziwa. Kama viwili kati ya vile vitano ni mkate na maziwa, umembakizia vitatu, na kalsiamu aliyokuwa nayo kidogo umeichukua. Huo ndio ubaya wa ushauri ule. Unapunguza sahani ambayo tayari ni ndogo.

Wataalamu wa lishe ya watoto hawa wanashauri kinyume chake: ongeza, usipunguze, na nenda polepole. Usimlazimishe wala usimshike mdomo. Kipe chakula kipya nafasi ndogo pembeni ya kile anachokiamini, bila kugusana, siku nyingi, hata kama mwanzoni atakitazama tu. Usimfichie vitu ndani ya ugali wake, maana akigundua anaweza kuukataa ugali wenyewe, na hapo utakuwa umepoteza chakula cha uhakika. Akiacha ghafla kitu alichokuwa anakula, tazama meno, uliza kama amefunga choo, maana mtoto asiyeongea hana njia nyingine ya kusema anaumwa. Na unga una maana yake. Tangu 2011 Tanzania ina kanuni za kuwataka wasagaji wakubwa waongeze virutubishi kama madini ya chuma kwenye unga, lakini mahindi yaliyosagwa mashine ya kijijini hayana nyongeza hiyo. Kwa mtoto anayeishi kwa ugali pekee, hilo si jambo dogo, na ni swali la kumuuliza mtaalamu wa lishe wa wilaya.

Kuhusu chanzo cha usonji wenyewe, sayansi inaelekeza zaidi kwenye urithi. Hata hapa kwetu kuna waliotafuta. Mwaka 2006 kundi la watafiti, akiwemo Noah Ndosi, lilichapisha habari za watoto 20 wa Tanzania, na 14 kati yao walitimiza vigezo vya usonji. Watatu kati ya hao walikuwa wakikua vizuri mpaka walipougua malaria kali yenye homa na degedege. Hilo, kwa maoni yangu, ni habari kubwa kwa nchi hii kuliko habari yoyote ya ngano. Chandarua na dawa ya malaria inayopatikana mapema vinapaswa kuzungumzwa angalau kwa sauti ile ile tunayoizungumzia gluteni.

Na msaada upo, ingawa ni mdogo. Irente, nje kidogo ya Lushoto mjini, Kanisa la Kilutheri lilifungua Shule ya Rainbow mwaka 2005 kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010. Lakini kutoka Mlalo kwenda Irente si mwendo wa kubeba mtoto anayeogopa kelele za basi kila asubuhi. Kliniki ya karibu ndiyo itakayomwona kwanza, na yule muuguzi mwenye mzani ndiye mtu muhimu kuliko profesa yeyote niliyemtaja leo. Akiongezewa swali moja tu, hata kwa kalamu pembeni ya kadi, mambo yatabadilika: chakula hakipo, au kipo na mtoto anakikataa?

Jibu likiwa la pili, mama asipewe somo la protini. Apewe pole, apewe muda, na aelekezwe kwa mtu anayejua usonji. Na sisi wa mjini, kabla hatujamtumia rafiki yetu ujumbe mwingine juu ya ngano, tumuulize kwanza: mwanao anakula nini? Halafu tunyamaze, tusikilize orodha yake, hata ikiwa fupi. Orodha hiyo aliipata kwa kazi ya miaka.

Panapo majaliwa, safari ijayo nitawapeleka Lutindi, upande wa Korogwe, mahali palipoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa kwenye utumwa na baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, miongoni mwa za kwanza kabisa Afrika Mashariki. Nataka kujua watu kama mtoto yule wa Mlalo waliandikwa vipi kwenye vitabu vya huko, kama waliandikwa.

Mpaka hapo, kaeni salama.